Kupiga Lipu Upya Bwawa la Kuogelea: Kazi ya Siku Moja Isiyo ya Watu Wawili

Mwashi wa Quionga aliyezoea kuta za nyumba, visima na matangi ya maji ya mvua, bwawa la kuogelea humjia mara moja moja tu. Tajiri mwenye nyumba kule Pemba au Mtwara ataka bwawa lake lililochakaa, lile ambalo kwa Kireno huitwa piscina, lipigwe lipu upya, naye auliza bei. Hapo ndipo penye mtego. Fundi akitaja bei kama ya ukuta wa nyumba, atakuwa amejipunja mwenyewe na kuwapunja wenzake, na huenda akawatia katika hatari. Makala haya yaeleza jinsi kazi yenyewe ilivyo, na kwa nini hesabu ya watu, saa na vifaa si jambo la kumwachia tajiri aamue peke yake.

Mabwawa si mambo mageni katika pwani yetu. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika kisiwa cha Kilwa, yapo magofu ya jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na kuhusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ndani ya jumba hilo mna bwawa la kuogea la pembe nane, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wachimbuaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Neville Chittick walifanya kazi hapo katika miaka ya 1960. Mafundi wale wa zamani hawakuwa na saruji. Walichoma matumbawe katika tanuri ya kuni kwa moto wa digrii 900 hivi, wakapata chokaa hai, wakaizima kwa maji, kisha wakaipiga ukutani.

Sasa, ndugu msomaji, angalia tofauti hii, maana ndiyo mzizi wa mambo yote yafuatayo. Chokaa ya matumbawe hugeuka jiwe kwa kuvuta hewa. Kwa hiyo mwashi wa chokaa hupiga tabaka, akasubiri, akapiga tabaka jingine, akasubiri tena, na hatii maji mpaka kazi imekomaa. Saruji haiko hivyo. Saruji hushika kwa kunywa maji, na ikikaushwa na jua kabla haijashiba, hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui na kubaki unga. Mwashi wa chokaa analipwa kwa subira. Mwashi wa saruji katika nchi ya joto hana ruhusa ya kusubiri hata kidogo.

Kwanza, bwawa huchakaaje? Wenyewe husema ni uzee, lakini mara nyingi ni maji. Maji yasiyo na chokaa ya kutosha, kama maji ya mvua, yana njaa: huitafuta chokaa katika lipu na kuila pole pole, uso ukawa mkwaruzo unaochuna nyayo za watoto. Maji yenye uchachu hufanya vivyo hivyo kwa haraka zaidi. Huku kwetu jua huiua klorini upesi, basi mtunza bwawa huongeza dawa kila siku. Vidonge vingi vya klorini vina uchachu, na vikiachwa vizame chini huacha baka lililolika. Kisha tajiri akiona madoa huagiza sakafu isuguliwe kwa asidi. Asidi huondoa doa kwa kuondoa lipu yenyewe. Bwawa lililosuguliwa asidi mara nyingi hubaki na ngozi nyembamba tu, na hapo ndipo fundi anapoitwa.

Kabla ya kutaja bei, omba ulione bwawa likiwa tupu, au angalau pima kwa nyundo ndogo sehemu zilizo juu ya maji. Gonga kila mahali. Panapolia kikavu, lipu bado imeshika. Panapolia kama ngoma, imeachana na zege, na sehemu hiyo yote sharti ing'olewe. Nyufa ndogo za juu juu si neno. Ufa mmoja mrefu unaopita toka ukutani hata sakafuni, hasa wenye alama ya kutu, ni ugonjwa wa zege na nondo, wala lipu mpya haitautibu.

Kukausha bwawa nako kuna adabu yake. Katika nchi ya pwani maji ya chini ya ardhi yako karibu, na baada ya mvua za Desemba hadi Aprili huwa karibu zaidi. Bwawa tupu katika ardhi iliyojaa maji ni kama mashua: litataka kuelea. Yapo mabwawa yaliyoinuka na kupasuka kwa sababu ya kukaushwa wakati mbaya. Kwa hiyo kazi hii ni ya kiangazi, na kwanza chimba shimo dogo kando uone maji ya ardhi yako umbali gani. Pampu ya petroli usiiteremshe ndani ya bwawa hata siku moja. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo hujaa katika shimo lisilopigwa na upepo. Mtu hulegea, akaanguka, na mwenzake anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Pampu ikae nje, mpira tu ndio uingie.

Kung'oa lipu kuukuu ni kazi ya tindo na nyundo, au mashine. Vumbi lake lina mchanga uliosagika mno, usioonekana kwa jicho, nao ukiingia mapafuni hautoki. Ugonjwa wake haumjii mtu siku ile. Humjia baada ya miaka, akiwa tajiri wake amekwisha kusahau jina lake. Dawa ni kulowesha kila mara na kuvaa kifuniko cha pua kilichotengenezwa kwa vumbi hilo; kitambaa cha leso hakizuii kitu. Kama lazima itumike asidi kusafisha zege, asidi ndiyo humwagwa katika maji, wala si maji katika asidi. Isikutane na klorini kamwe, maana zikikutana hutoa gesi iliyo nzito kuliko hewa, nayo hutulia chini, mahali pale pale alipopiga magoti fundi. Mimi kwa upande wangu naona maji ya msukumo mkubwa yanatosha kwa kazi nyingi, na asidi hupendwa kwa kuwa ni rahisi tu.

Tuje sasa katika hesabu, na ningependa kila fundi aifanye mbele ya tajiri kwa kalamu na karatasi. Chukua bwawa la kawaida la nyumbani, urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita moja na nusu. Sakafu ni mita za mraba 32. Kuta zote nne ni 36. Jumla 68. Lipu ya bwawa huwa na unene wa milimita 12 hivi, basi tunahitaji karibu mita 0.8 za ujazo, ambazo uzito wake unakaribia tani 2. Tani 2 za saruji nyeupe na mchanga wa marumaru, zikorogwe, ziteremshwe kwa karai, zipigwe na kulainishwa kwa mwiko wa chuma, kuta kwanza na sakafu baadaye, bila kuacha kiungo. Ukiacha nusu mpaka kesho, mahali pa kuungana pataonekana daima na ndipo patakapobanduka kwanza. Ndiyo maana nimesema si kazi ya watu wawili. Watu wawili wataanza vizuri asubuhi. Ifikapo saa saba mchana wataanza kunyunyiza maji juu ya lipu iliyokwisha kukaza ili mwiko uteleze, na hapo uso wote umeharibika. Tajiri atasema fundi ni mbovu. Kumbe kikosi kilikuwa kidogo.

Anzeni alfajiri. Tandazeni turubai upande wa jua, na upande wa upepo pia, kwa sababu kusi la mwezi Julai hukausha lipu kama jua lenyewe. Zege la chini lilowe vizuri usiku kucha, lakini maji yasituame. Dawa za kuharakisha kukaza ni za nchi za baridi. Hapa zinaongeza nyufa na mabaka. Mchanga wa baharini usitumike, kwa kuwa chumvi yake huozesha nondo.

Kuhusu mikono na magoti. Saruji mbichi inaunguza, na hatari yake ni kwamba haiumi mara moja. Fundi hupiga magoti katika lipu mbichi saa tatu, nne, akidhani ni unyevu tu, na usiku ndipo ngozi inapofunguka. Zaidi ya hayo, saruji nyingi zina kromu ya namna inayoleta upele wa kudumu. Mtu akishaupata, saruji kidogo tu humrudishia, na wengi wameacha ufundi kwa sababu hiyo. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2005 zimeweka kikomo cha kromu hiyo, sehemu 2 katika milioni, na viwanda vyao hutia dawa ya kuipunguza. Mfuko unaonunuliwa dukani kwetu usiuamini bila kusoma maandishi yake. Glavu ndefu za mpira, mabuti, vikinga magoti, na debe la maji safi karibu: saruji ikiingia katika buti, vua na osha hapo hapo, usingoje mapumziko. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 20 na uende hospitali.

Nani anunue vitu hivi? Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kifungu cha 13 chamlinda mfanyakazi aliyeondoka mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki. Mwezi Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo uliuweka usalama kazini katika haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama yapaswa kuziheshimu hata kama haijatia sahihi mkataba wenyewe. Kwa hiyo glavu na vifuniko vya pua viandikwe katika orodha ya vifaa pamoja na saruji, wala visikatwe katika ujira.

Limebaki jambo ambalo mafundi wengi hulisahau katika bei, nalo ni maji. Lipu ikishakaza kiasi cha kutochimbika, bwawa lijazwe, na likianza kujazwa lisisimame mpaka maji yafike kwenye vigae vya juu, ama sivyo patabaki mstari usiofutika. Mdomo wa mpira ufungwe kitambaa ili maji yasichimbe sakafu. Bwawa letu la mfano linachukua lita 48,000, yaani debe 2,400. Mpira unaotoa lita 20 kwa dakika utachukua saa 40. Kuna usiku mmoja ndani yake, au miwili, na yupo mtu wa kukesha akiangalia mpira usikatike. Baadaye, kwa wiki nne, uso upigwe brashi mara kwa mara kuondoa unga, na chumvi isitiwe kabisa. Kama tajiri ataka kikosi kifanye hayo pia, mkesha na brashi vihesabiwe kwa siku na kuandikwa katika karatasi ile ile ya mapatano, kabla tindo la kwanza halijagusa ukuta.