Paa la nani? Stima ya ushirika yakwama Nairobi

Ukipita Moi Avenue, katikati ya Nairobi, utaliona jengo la Farmers Building, makao makuu ya shirika la chai la KTDA, na pengine utafikiria majani chai tu. Lakini viwanda vya chai vinavyosimamiwa kutoka humo ni mali ya wakulima wadogo wenye hisa, na baadhi yake vina mitambo yao ya umeme kwenye mito ya milimani. Ule wa Gura, Nyeri, una uwezo wa megawati 5.8. Kwanza unahudumia viwanda. Ziada ni ya kuuziwa Kenya Power.

Wakulima hao hawakupewa sadaka. Mwaka 2008 serikali ilitangaza sera ya bei maalumu: mzalishaji mdogo alijua mapema atalipwa ngapi kwa kila uniti, kwa miaka mingi mfululizo. Ukiwa na karatasi ya ahadi hiyo mkononi, hata meneja wa benki huagiza chai mkae mzungumze. Sera iliporekebishwa mwaka 2021, jua na upepo viliondolewa humo vikapelekwa kwenye zabuni za ushindani. Huko, chama cha majirani kinakutana na kampuni zinazokuja na mawakili wao.

Mjini hakuna mto wa Gura. Kuna jua, na kuna paa. Chuo Kikuu cha Strathmore, Madaraka, kiliweka paneli za kilowati 600 mwaka 2014 kwa mkopo wa Co-operative Bank uliotokana na fedha za shirika la maendeleo la Ufaransa. Benki hiyo, kwa sehemu kubwa, ni mali ya vyama vya ushirika. Pesa ilipitia kwa wanaushirika ikaishia kwenye paa la chuo. Si kosa, chuo kina paa lake, hati yake na mita yake.

Hapo ndipo penye kikwazo. Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mtumiaji wa umeme mwenye mtambo usiozidi megawati moja kurudisha ziada kwenye gridi, na kanuni za 2024 zikaeleza namna: kila uniti unayotoa unahesabiwa nusu yake kwenye bili, si pesa mfukoni. Nusu hiyo inaweza kujadiliwa. Jambo zito zaidi ni kwamba mpango wote umemlenga mtu mmoja na mita yake. Mwenye jumba lake Karen au Lavington anafaidi.

Panda sasa Kileleshwa, kwenye fleti za ghorofa kumi na kitu. Paa ni la landilodi au la kampuni inayosimamia jengo, na limejaa matangi na madishi. Kila mpangaji hununua tokeni zake. Mita ya pamoja inawasha taa za ngazi, lifti na pampu ya maji. Wakazi wakichanga wanunue paneli, stima yake inaweza kupunguza gharama ya lifti, lakini kuigawa nyumba kwa nyumba kupitia mita za Kenya Power hakuna kanuni inayowafungulia njia. Kawangware ndiyo kabisa: kwenye ploti za mabati, mwenye nyumba ndiye anayejua nani yuko kwenye mita ipi.

Kodi nayo imeyumba. Vifaa vya sola vilianza kutozwa VAT tena mwaka 2020, vikasamehewa tena mwaka uliofuata. Mweka hazina wa chama anayekusanya michango kwa miezi 18 hawezi kupanga bajeti juu ya mchanga huo.

Brixton, London, wakazi waliweka paneli za kilowati 37 kwenye paa la nyumba za baraza la mtaa mwaka 2012, wakauza hisa. Walibebwa na bei ya uhakika ya serikali, ambayo Uingereza iliifungia waombaji wapya mwaka 2019. Lakini kabla ya bei, walihitaji paa, nalo lilikuwa la umma.

Nairobi ina paa za umma. Sheria ileile ya Kawi ya 2019 inazitaka kaunti ziandae mipango yao ya kawi, na kaunti hii ina masoko kama lile la Kangemi na la City Park, ambako wauzaji tayari wamezoea vyama na Sacco, na wanunuzi wa stima ya mchana wako papo hapo: majokofu ya samaki, mashine za kusaga, vinyozi. Landilodi wa kuombwa ruhusa hapo ni City Hall.