Vifaa vya garini: Vya kuokoa na vya urembo

MTU akinunua gari, hata liwe limetumika miaka saba huko Japani kabla ya kushushwa Mombasa, jambo la kwanza analowaza aghalabu ni kulipamba. Atatafuta vitambaa vya viti, manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, spika zinazotetemesha mlango na taa za buluu za chini ya dashibodi. Hakuna ubaya. Lakini hebu mwulize mwenye gari hilo kisanduku chake cha huduma ya kwanza kiko wapi, na utamwona akikuna kichwa. Kipo, atasema, mahali fulani ndani ya buti, chini ya tairi la spea. Ukikifungua utakuta plasta mbili zilizokauka na chupa ya dawa ya vidonda isiyo na kitu.

Kwa dereva wa jijini ambaye hospitali iko kila baada ya mataa mawili, huenda uzembe huo usimgharimu sana. Tatizo ni kwamba dereva huyo huyo husafiri. Chukua mfano wa barabara ya kutoka Voi hadi Taveta, ya karibu kilomita 110, ambayo ndiyo hupitisha ndizi na mboga za mashamba ya Mahoo na maeneo jirani kuelekea Voi na Mombasa. Ukitoka Taveta unapita Salaita na Mbuyuni, kisha Maktau, Bura na Mwatate, na sehemu kubwa kabla ya Maktau imo ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Hapo hakuna duka, hakuna zahanati, na anayevuka barabara usiku huenda akawa ndovu. Tangu kipande cha Mwatate hadi Taveta kitiwe lami katika miaka ya 2010, vumbi limekwisha na mguu wa dereva umekuwa mzito.

Gari likipinduka mahali kama Mbuyuni, hospitali ya Taveta iko upande mmoja na ile ya rufaa ya Moi mjini Voi iko upande mwingine, mbali zaidi. Atakayewafikia majeruhi kwanza si daktari. Ni dereva wa pikapu ya ndizi, au mwenye gari dogo anayerudi nyumbani kutoka sokoni. Kwa nusu saa ya kwanza au zaidi, dawa na vifaa vyote vilivyopo ni vile vilivyomo ndani ya gari lake na la aliyeumia. Kwa sababu hii yafaa tuvitazame vifaa vya garini kwa jicho la afya.

Kilicho bora kuliko vyote hakinunuliwi dukani, kwa maana gari huja nacho. Mshipi wa usalama wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka wa 1959, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hupunguza hatari ya kufa kwa dereva na abiria wa mbele kwa asilimia 45 hadi 50. Kwa abiria wa nyuma ni asilimia 25. Wakenya tuliulazimishiwa kwa nguvu Februari 2004, wakati kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilipoanza kutumika na matatu zikatakiwa kuwa na mishipi na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa.

Ajabu ni kwamba madukani sasa kuna kifaa kidogo cha chuma ambacho huchomekwa mahali pa mshipi ili gari liache kulia dereva asipojifunga. Huuzwa kwa bei ya soda kadhaa. Sijaona kifaa kingine ambacho mtu hulipa pesa zake ili kijiumize. Vile vitambaa vya viti navyo vikague: vingine hufunika kabisa mahali pa kuchomeka mishipi ya nyuma, na vingine huziba ubavu wa kiti ambako mfuko wa hewa hutokea ajali inapotukia.

Mama mjamzito asiogope kujifunga. Ukanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ule wa juu upite katikati ya matiti na kando ya tumbo. Mtoto mdogo naye hatoshi kushikwa mapajani, kwani gari likigonga kitu hata kwa mwendo wa kawaida hakuna mikono inayoweza kumzuia. Kiti maalumu cha mtoto, kikifungwa vizuri kwenye kiti cha nyuma, kinaweza kupunguza vifo vya watoto kwa asilimia 60 hivi. Kile cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele palipo na mfuko wa hewa, kwa sababu mfuko huo hufutuka kwa nguvu za kuweza kumuua.

Turudi kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza. Magari ya abiria yanatakiwa na sheria kuwa nacho, na wengi hukinunua kwa ajili ya ukaguzi tu. Vile vinavyouzwa vikiwa vimejazwa tayari huwa na plasta nyingi, ilhali katika ajali ya barabarani hakuna anayekufa kwa mchubuko wa kidole. Damu ndiyo humaliza watu. Kwa hivyo weka jozi kadhaa za glavu, vitambaa vizito vya kufyonza damu, bendeji pana za kuzungusha, kitambaa cha pembe tatu cha kutundikia mkono uliovunjika, makasi yanayoweza kukata suruali ya jinzi, na tochi. Leso mbili safi za mama hazina mpinzani: hufunga jeraha, hufunika aliyeingiwa na baridi, na humsitiri aliyechanikiwa na nguo.

Vaa glavu, weka kitambaa juu ya jeraha na ubonyeze kwa nguvu bila kuachia. Usikifunue kila dakika kuona kama damu imekoma. Kikilowa, ongeza kingine juu yake na uendelee kubonyeza. Kufunga waya au kamba nyembamba juu ya jeraha, jinsi wengi wanavyofanya, hukata nyama na kudhuru mishipa. Aliyezimia lakini anapumua alazwe kwa ubavu, kichwa na shingo vikiwa vimenyooka na mwili wake, ili matapishi yasimzibe pumzi. Asipewe maji wala chai. Na usimburure mtu kutoka garini isipokuwa pana moto au hatari nyingine iliyo karibu, kwani shingo iliyovunjika ikipindwa inaweza kumwacha akiwa amepooza maisha yake yote. Huku hayo yakiendelea, mwingine apige simu 999 au 112, au ile ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Kuna wanaojaza kisanduku hicho tembe za maumivu, dawa za pumu na hata insulini. Wasikiache garini. Dawa nyingi hutakiwa kuwekwa mahali pasipozidi nyuzi 30 za joto, na gari lililoegeshwa juani hupita hapo upesi sana: katika dakika kumi tu joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi kumi hivi kuliko la nje. Anayeijua Taveta mwezi wa Februari anaweza kumaliza hesabu mwenyewe. Dawa ya kila siku isafiri na mwenyewe ndani ya mkoba, na insulini ndani ya chombo cha baridi. Kiberiti cha gesi na kopo la manukato la kupuliza visiachwe juu ya dashibodi, maana hupasuka. Lile pazia la kung'aa la kukinga kioo cha mbele husaidia usukani usichome mikono, lakini halifanyi gari kuwa mahali pa kumwacha mtoto, hata kwa safari ya kununua mkate. Mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima.

Tukiwa bado kwenye joto, mtungi wa maji wa lita 20 ni kifaa ingawa haung'ai. Rejeta ikichemka, usiifungue hapo hapo. Mvuke unaotoka huchoma uso na kifua, na madaktari wanayajua majeraha hayo. Zima injini, ngoja ipoe kabisa, kisha ufungue polepole kwa kitambaa. Mtu akiungua, maji hayo ndiyo dawa: mwagilia palipoungua kwa dakika 20, na usipake dawa ya meno, siagi wala mafuta ya taa.

Sasa gari likikwama. Desturi ya madereva wetu ni kuvunja matawi na kuyatupa barabarani, na wenye malori huongeza mawe. Tawi halionekani usiku, na jiwe linapoachwa baada ya gari kuondoka huwa limetegewa mwingine. Zile pembe tatu nyekundu za kuakisi mwanga, ambazo madereva huziita laifseva, zinatakiwa kuwa mbili, moja mbele na moja nyuma, umbali usiopungua mita 50 kutoka gari. Watu huziweka hatua tano nyuma ya buti. Gari linalokimbia kilomita 100 kwa saa hula mita 28 kila sekunde. Dereva anayeiona pembe hiyo ikiwa karibu na gari lililokwama hana tena nafasi ya kufunga breki. Tembea mita 50, yaani hatua ndefu 50 hivi, nawe uwe umevaa koti la kuakisi mwanga, kwa kuwa wengi hugongwa wakibadilisha tairi. Koti hilo likae chini ya kiti. Likikaa ndani ya buti itabidi utoke kulitafuta gizani.

Mtungi wa kuzima moto wa gari dogo ni wa unga mkavu, wa kilo moja au mbili, na hutoa unga kwa sekunde chache tu. Tazama mshale wake kama uko kwenye rangi ya kijani, na mara kwa mara uupindue na kuutikisa kwa sababu unga hushikamana kwa mtikisiko wa safari. Moto ukianza kwenye injini, usiinue boneti yote, kwani hewa itauchochea. Inua kidogo tu, lenga chini ya moto na upulize. Usipozimika, kimbia. Kwa lori la mafuta lililoanguka hakuna mtungi wa kufaa. Waliokaribia lile la Sachang'wan, karibu na Molo, Januari 31, 2009, walikuwa wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 walikufa.

Kipima upepo wa tairi ni kidogo kama kalamu na hakina bei kubwa. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Magari ya Japani mara nyingi huonyesha 220 au 230, na vijana wa pampu hushangaa: hiyo ni takriban 32 au 33 kwa kipimo chao. Pima asubuhi kabla ya kutembea. Kuna imani kwamba siku ya jua kali upunguze upepo ili tairi lisipasuke. Ni kinyume. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi, hupata moto na ndilo hupasuka. Ubavuni mwake utaona tarakimu nne, kwa mfano 2319, maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Muuzaji anaweza kulipaka rangi likang'aa, lakini tarakimu hizo hazidanganyi.

Kuhusu kile kidude cha kuvaa sikioni kinacholia kichwa kinapoinama kwa usingizi, mimi singenunua. Kichwa kikishainama gari limeshatoka barabarani. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama, kunywa kahawa, kisha kulala dakika 15 hadi 20. Kahawa itakuwa imeanza kufanya kazi ukiamka. Kishikio cha simu ni afadhali kuliko simu mapajani, mradi kitumike kuonyesha njia tu, kwa maana anayezungumza kwa simu akiendesha yumo hatarini kupata ajali mara nne zaidi, awe ameishika ama hakuishika.

Limebaki suala la kupakia. Siku za soko pikapu hujazwa ndizi mpaka juu, na jeki, pembe tatu na kisanduku huwa tayari vimezikwa chini ya mikungu. Mwambie mpakiaji angoje kidogo. Mtungi wa moto ufungwe kwa ukanda wake karibu na miguu ya abiria wa mbele, kisanduku na tochi vikae nyuma ya kiti, pembe tatu na koti chini yake, na spana ya magurudumu pamoja na jeki viwe mlangoni mwa nyuma. Ndizi zipande baadaye.