Koti Lile Halikuwa Lake

Hapa kwetu Osiri, Migori, vijana hushuka mashimoni wakitafuta dhahabu. Mimi hutafuta picha kuukuu za watu. Sanduku langu la bati lina picha thelathini na moja, na kumi na tisa kati ya hizo sikujua ni za nani.

Mojawapo ilikuwa ya mzee aliyevaa koti refu la Kizungu. Nyuma yake nilikuwa nimeandika "chifu", pasipo kumwuliza mtu. Siku moja nyanya wa jirani aliishika, akanyamaza kitambo. "Mwalimu," akasema, "huyu ni mjomba wangu. Hakuwa chifu. Koti ni la mpiga picha. Kila mtu alivalishwa lilo hilo."

Niliona haya, walimu wenzangu, maana nimefundisha historia miaka mingi.

Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alipiga picha katika nchi ya Waluo. Zikahifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Ilipita miaka sabini na moja ndipo, mwaka 2007, nakala zikaletwa Siaya katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyakumbuka ya zamani. Wangapi waliokuwa watoto mwaka 1936 walikuwa bado hai?

Neno "chifu" nimelifuta. Jina la mzee nimeliandika kwa penseli, kwani wino hupenya hadi usoni. Zimebaki kumi na nane. Jumamosi nitampelekea nyanya sanduku zima, maadamu macho yake yangali yanaona.