Diski Mpya, Mwendo wa Zamani: Kabla Hujarudi Dukani

Wengi hununua diski ya SSD, wakaifunga pamoja na diski ya zamani inayozunguka, kisha wakashangaa kuona video za harusi bado zachelewa kunakiliwa. Diski mpya haina kosa. Faili zikihama kutoka diski moja hadi nyingine, mwendo huamuliwa na ile iliyo nzito. SSD ya SATA husoma hadi megabaiti 550 kwa sekunde. Inayozunguka huandika kama 150 tu.

Tazama pia matundu. SATA ya kizazi cha pili hupitisha megabaiti 300 kwa sekunde, ya tatu 600. Basi SSD ichomekwe kwenye ya tatu. Ile ya zamani ikikaa kwenye ya pili haipungukiwi na kitu.

Diski ya nje nayo, ukiichomeka kwenye USB 2.0, hupata kama megabaiti 40: gigabaiti 100 zitakula dakika 40 na zaidi. Kwenye USB 3.0, ambayo aghalabu ina buluu ndani, mzigo uleule huweza kwisha kwa dakika 11 hivi.

Mwisho, usinakili mafungu mawili kwa pamoja kwenye diski inayozunguka. Kichwa chake hurukaruka, na yote mawili huchelewa. Yapeleke kwa zamu.