Hatua Saba Mbele ya Moto

Wasikilizaji wangu, wengi wetu tumepata kupita penye arusi ya Wahindu, Mombasa au Dar es Salaam, tukauona moto uwakao katikati ya watu, tukasema, "Hao wanaabudu moto," tukaenda zetu. Mimi nami nilipata kusema hivyo, wala sikuuliza.

Moto huo huitwa Agni. Ni kweli kwamba huheshimiwa kama mungu, lakini katika arusi kazi yake kubwa ni kuwa shahidi. Humiminiwa samli, na maneno yanenwayo mbele yake hayakanushiki.

Kwanza baba huutia mkono wa binti yake katika mkono wa bwana arusi. Tendo hili huitwa kanyadan, yaani kumtoa binti kama sadaka. Siku hizi wako wanawake wa Kihindu walikataao neno hilo, wakisema binti si kitu cha kutolewa. Nami naona wana hoja. Kisha nduguye humtilia bibi arusi bisi za mpunga mikononi, naye huzimimina motoni. Hukanyagishwa jiwe pia, aambiwe awe imara kama jiwe hilo.

Lakini kiini cha arusi ni saptapadi, yaani hatua saba. Wawili hao huenda pamoja, na kila hatua ina ombi lake: ya kwanza chakula, ya pili nguvu, ya tatu mali, ya nne raha, ya tano watoto, ya sita majira mema ya mwaka. Ya saba ni urafiki. Angalieni: ya mwisho si utii, bali urafiki! Wala msichanganye hatua hizi na kule kuuzunguka moto, maana Wagujarati wengi huuzunguka mara nne, na wengine wa kaskazini ya Bara Hindi mara saba.

Jambo hili si la mapambo. Sheria ya Ndoa za Wahindu ya Uhindi, ya mwaka 1955, yasema kwamba palipo na desturi ya hatua saba, ndoa hutimia na kuwafunga wawili hao hatua ya saba ikanyagwapo. Tena mwaka 1924 ulikuwa haujaijua sheria hiyo, lakini mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliitegemea ikatamka kwamba cheti peke yake hakifanyi ndoa ya Kihindu, ikiwa ibada zake hazikufanywa. Basi aliyekanyaga sita tu, hajaoa bado.