SOMO LA HESABU: NAMBA YA TARAKIMU KUMI

Mwalimu na aandike ubaoni namba hii:

4,294,967,297

Tuisome polepole kutoka kushoto: milioni elfu nne mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Msiiogope. Ni tarakimu zile zile mnazozijua, ila zimepanga mstari mrefu.

Namba hii inapatikana hivi. Shika 2. Izidishe kwa yenyewe, upate 4. 4 mara 4 ni 16. 16 mara 16 ni 256. 256 mara 256 ni 65,536. Sasa kila moja iongeze 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa, maana yake namba isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, aliamini kwamba ukiendelea hivyo utapata namba tasa daima. Kuthibitisha hakuweza. Namba ya sita ndiyo hii yetu.

Je, ni tasa? Inaishia na 7, basi haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumlisha tarakimu zake: ni 59. Kwa kuwa 59 haigawanyiki kwa 3, namba yenyewe pia haigawanyiki kwa 3. Mtu angeweza kuendelea hivi hata akachoka, akasema, “Basi, mzee yule alisema kweli.”

Ikapita miaka 92. Mwaka 1732 Leonhard Euler, kijana wa miaka 25 kutoka Uswisi aliyefanya kazi St. Petersburg, Urusi, alionyesha kuwa namba hii inagawanyika kwa 641. Baadaye alieleza kwa nini kazi si ndefu kama tunavyodhani: kila namba iwezayo kuigawanya hii yetu, ukiigawanya kwa 64, lazima baki liwe 1. Basi hesabuni: 65, 129, 193, na kuendelea, kila mara mkiongeza 64. Ya kumi ni 641!

Lakini msikubali kwa sababu Euler amesema, wala kwa sababu redio imesema. Chukueni chaki, mzidishe 6,700,417 kwa 641:

kwa 600: 4,020,250,200
kwa 40: 268,016,680
kwa 1: 6,700,417

Jumlisheni, kisha tazameni ubaoni.

Namba zinazofuata katika safu hii ni kubwa mno, na mpaka leo hakuna hata moja baada ya 65,537 iliyothibitishwa kuwa tasa.

Zoezi la nyumbani: gawanyeni namba yetu kwa 193. Baki ni 109. Atakayepata baki jingine aanze tena mstari wa kwanza.