Kutoka Mikono ya Muuguzi hadi Mikono ya Mgonjwa: Ufundishaji wa Kujihudumia kwa Wenye Urostomia

Urostomia ni njia ya kutoa mkojo kupitia tundu lililofunguliwa tumboni, aghalabu baada ya kibofu kuondolewa. Mbinu iliyoenea zaidi, ambayo daktari Mmarekani Eugene Bricker aliieleza mwaka 1950, hutumia kipande cha utumbo mwembamba kilichounganishwa na mirija itokayo kwenye figo. Tundu hilo halina msuli wa kuzuia mkojo. Hivyo mgonjwa huvaa mfuko usiku na mchana. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kichocho cha mkojo ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya kibofu.

Makala haya yanashikilia kwamba kipimo cha ufundishaji wa muuguzi ni kile ambacho mgonjwa anaweza kukitenda peke yake.

Kazi huanza kabla ya upasuaji. Muuguzi humtazama mgonjwa akiwa amelala, ameketi, amesimama na ameinama, kisha huweka alama mahali ambapo mgonjwa mwenyewe ataliona tundu, mbali na mikunjo ya ngozi na mkanda wa nguo. Alama ikikosewa, mafunzo yote yanayofuata huwa magumu, maana ni vigumu kuhudumia usichokiona.

Baada ya upasuaji, stadi hufundishwa hatua kwa hatua: kumwaga mkojo kabla mfuko haujavuka nusu, kuosha ngozi kwa maji na kuikausha, kupima tundu na kukata kibandiko cha mfuko kilingane nalo, ili mkojo usichubue ngozi. Kipimo hurudiwa, kwani tundu husinyaa katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Inafaa mfuko ubadilishwe asubuhi kabla ya kunywa chochote, mkojo ukiwa mchache. Muuguzi huonyesha, mgonjwa hurudia, na ndugu atakayemsaidia hushuhudia.

Mgonjwa hufundishwa pia kutambua hatari. Ute katika mkojo ni wa kawaida, kwa kuwa utumbo huendelea kuutoa. Homa, maumivu ya ubavuni, mkojo kukoma au tundu kuwa jeusi humtaka arudi hospitali mara moja.

Mgonjwa akiruhusiwa kabla hajabadilisha mfuko kwa mikono yake mbele ya muuguzi, gharama hulipwa nyumbani: ngozi huchubuka, nguo hulowa, naye huacha kwenda ibadani na sokoni kwa kuhofia harufu. Kwa hiyo, uamuzi wa kumruhusu unapaswa kuzingatia ustadi huo sawasawa na kupona kwa kidonda.